Jeki wa Kopabelti na kikohozi cha Babu

Wazee wa Mbozi, Momba na Ileje waliokwenda kutafuta kazi Kopabelti miaka ya 1940 na 1950 walirudi na vitu vinavyofanana. Baiskeli kwa aliyeweza kuweka akiba, mablanketi, sufuria za mama. Santuri au gitaa kwa aliyependa muziki. Na wachache walirudi na kofia ya kauboi, ile yenye ukingo mpana uliopinda pembeni.

Babu yangu mzaa mama alirudi na gitaa na kofia. Alirudi pia na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekiona, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Kwa msomaji aliye mbali na kwetu, Tunduma ndiyo mlango wa kwenda Zambia. Malori yaliyobeba shaba ya Kongo na Zambia hupanga foleni hapa kila siku yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Lakini zamani shaba haikutufuata, sisi ndio tuliifuata. Kabla reli ya TAZARA haijajengwa, vijana wa huku walivuka kwa miguu na kwa kudandia magari ya mizigo hadi Luanshya, Kitwe, Mufulira na Chingola, wakati huo nchi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Kwa Mnyamwanga, mwenye ndugu pande zote mbili, mpaka wenyewe ulikuwa kitu cha kuambiwa tu.

Babu alikwenda Luanshya mwaka 1952 na kurudi 1964, mwaka ambao Zambia ilipata uhuru. Kwa miaka hiyo 12 alitoboa mwamba chini ya ardhi. Alipotusimulia, kazi yenyewe hakuizungumzia sana. Alizungumzia sinema.

Filamu zilionyeshwa usiku, uwanjani, katika kompaundi za wachimbaji. Watoto walikaa mbele chini, wakubwa nyuma, na wote walipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za kikauboi: farasi, bastola, vumbi, na mtu mmoja mwema asiyeogopa. Staringi huyo, awe nani, aliitwa Jeki. Wiki hii sura ni nyingine na wiki ijayo nyingine, lakini jina lilibaki hilo hilo. Uwanja mzima ulimwonya kwa sauti, "Jeki, angalia nyuma!" Babu alikuwa akisema kwamba Jeki alisikia, maana kila mara aligeuka kwa wakati.

Nikiwa mdogo nilidhani ni hadithi za Babu za kutufurahisha. Baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikutana na kitabu cha Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954. Kitabu chake kilitoka 1962. Humo nilimkuta Jeki, uwanja, kelele, na hata watoto waliocheza ukauboi vichochoroni. Inawezekana kabisa Babu na yule mama walipishana njiani.

Kijijini kwetu Mbozi neno hilo liliendelea kuishi. Mtoto aliyechomwa sindano bila kulia, Babu alimwita Jeki. Aliyevuka mto wakati wa masika akaleta dawa ya mgonjwa, naye Jeki. Mimi nilipewa cheo hicho mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa baada ya kung'olewa jino.

Bibi ananisimulia kwamba mjomba wangu, alipokuwa mvulana, alimuuliza Babu kama kulikuwa na Jeki mweusi. Babu alifikiri kidogo, akasema, "Mimi sikumwona." Akaendelea kusuka kamba yake.

Jibu la mjomba lilikuwepo, ila lilikuwa mbali. Jeki mweusi aliitwa Herb Jeffries. Alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1913, na alianza kama mwimbaji wa jazi katika bendi ya Earl Hines mjini Chicago. Akizunguka na bendi majimbo ya kusini aliona watu weusi wakijaa katika majumba yao ya sinema, yaliyotengwa kwa sheria na desturi za ubaguzi, wakiwashangilia makauboi wa kizungu. Alisema miaka mingi baadaye kwamba watoto wenye ngozi nyeusi hawakuwa na shujaa wa kumwangalia kwenye filamu. Akaamua awepo.

Mwaka 1937 ikatoka filamu ya Harlem on the Prairie, filamu ya kikauboi yenye nyimbo ambayo waigizaji wake walikuwa weusi. Ilipigwa California, kwenye ranchi ya Mmarekani mweusi iliyokuwa inapokea wageni weusi waliokataliwa hoteli kwingine. Zikafuata nyingine tatu: Two-Gun Man from Harlem mwaka 1938, kisha The Bronze Buckaroo na Harlem Rides the Range mwaka 1939. Jeffries alipanda farasi wake Stardusk, akapiga wabaya, kisha akaimba pamoja na kikundi cha The Four Tones. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba alipakwa vipodozi ili kamera imwone mweusi zaidi. Baada ya hapo aliimba na bendi ya Duke Ellington, na wimbo wake wa Flamingo, uliorekodiwa 1940, ukampa jina kubwa kuliko filamu zote nne.

Filamu hizo zilitengenezwa kwa fedha kidogo kwa ajili ya majumba ya sinema ya weusi wa Marekani. Kule Rhodesia ya Kaskazini kulikuwa na bodi ya ukaguzi iliyoamua ni filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuona. Babu alimpigia kelele Jeki kwa miaka 12, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumwona mmoja anayefanana naye.

Wala Jeffries hakuwa ametunga kitu kisichokuwepo. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya makauboi wanne waliochunga ng'ombe wa Texas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mmoja alikuwa mweusi. Wengi walikuwa watumwa walioachiwa huru. Bill Pickett, kauboi mweusi, alijulikana kwa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha dume la ng'ombe kwa mikono. Ni sinema iliyowafuta.

Ndiyo maana Beyoncé alipotoa albamu ya Cowboy Carter mwaka 2024 na watu wakauliza mwanamke mweusi anatafuta nini kwenye muziki wa kantri, mimi sikushangaa. Mdogo wangu wa kiume naye aliipenda. Alinunua kofia ya kauboi ya mtumba sokoni Tunduma, akaivaa hadi nyumbani kwa Bibi. Bibi alipomwona mlangoni alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hata kikohozi ni kile kile."

Hapo ndipo nirudi kwenye gitaa.

Babu aliimba kwa namna ambayo hakuna mzee mwingine kijijini aliiimba. Katikati ya mstari sauti yake iliruka ghafla kutoka nzito kwenda nyembamba, kama mtu anayeita ng'ombe upande wa pili wa bonde, kisha ikarudi. Aliipata kwenye santuri. Ni uimbaji uliosambazwa duniani na mzungu mmoja wa Mississippi, Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa treni na aliyejifunza nyimbo nyingi kwa vibarua weusi wa reli. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, wakati ambapo mweusi na mzungu kurekodi pamoja lilikuwa jambo la nadra. Gene Autry, kauboi mwimbaji maarufu wa Hollywood, alianza kwa kumwiga yeye.

Santuri za Rodgers zilifika mbali. Zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, aliwakuta wasichana wa Kapkatet wakimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Hawakuwa wamemwona mwenye sauti, wakamuumbia mwili wanaoujua.

Lakini mwili halisi wa Rodgers ulikuwa mgonjwa. Aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka 1924, akiwa na miaka 27. Alihamia Texas akitafuta hewa kavu, ambayo ndiyo ilikuwa dawa ya wakati huo. Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa amedhoofika kiasi kwamba alilala kitandani studio kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huo, akiwa na miaka 35. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vimelea vya kifua kikuu, iligunduliwa miaka 10 baadaye. Herb Jeffries alifariki Mei 2014 akiwa na miaka 100. Sisemi tofauti yao yote ni kifua, lakini kila nikiwasoma wawili hawa kwa pamoja naona miaka 65.

Babu alifariki mwaka 2006. Nilikuwa na miaka tisa. Alikohoa muda mrefu, akakonda, akawa analowa jasho usiku hadi Bibi akawa anabadilisha shuka mara mbili. Msibani tuliambiwa amerogwa. Ilisemwa kwamba kuna jirani aliyemwonea wivu tangu siku alipoteremka na baiskeli ya Kopabelti. Tangu hapo nyumba yetu na nyumba ile hatukusalimiana. Watoto wao tuliosoma nao darasa moja tuliwapita njiani kama miti.

Nilipoajiriwa kuwa mwandishi wa habari za afya, Bibi aliniita chumbani akafungua sanduku la bati. Ndani mlikuwa na makaratasi ya mgodini, kamba mbili za gitaa, na kadi ya kliniki ya kifua kikuu yenye jina la Babu. Kadi ilikuwa na alama za wiki tano. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Alipata nafuu akaacha," Bibi aliniambia. "Aliona aibu kupanga ule mstari. Watu walikuwa wanasema anayekunywa zile dawa ana ukimwi. Akaniapisha nisiseme, nami nikaapa."

Nilikaa na ile kadi siku nyingi. Wakati Jimmie Rodgers anakufa, dawa haikuwepo popote duniani. Wakati Babu anakufa, dawa ilikuwepo wilayani kwake, bila malipo. Zaidi ya hapo, Tanzania ilikuwa shule ya dunia katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na namna ulivyofanya kazi chini ya ushauri wa Dk Karel Styblo, kumpima mgonjwa makohozi, kumpa dawa za uhakika, kumsimamia akimeza na kuandika kila hatua, ndiyo iliyochukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 na kupelekwa nchi nyingine. Ile kadi ya Babu, yenye vijumba vyake vya kuweka alama, ni sehemu ya mfumo ambao dunia ilijifunza kwetu.

Na kuna jambo la mgodini. Anayetoboa mwamba huvuta vumbi la silika, chembe ndogo zisizoonekana. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Huharibu zile seli ambazo kazi yake ni kumeza vimelea, na hatua kwa hatua huacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba. Mtu mwenye vumbi hilo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na hatari haiishi anapoacha kazi. Anaweza kurudi kijijini, akalima kahawa miaka 40, na bado vumbi liko pale pale. Hicho ndicho kitu cha tatu alichorudi nacho Babu.

Mdogo wangu hajawahi kwenda Zambia kuchimba. Hakuwa na haja. Anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu Wilaya ya Songwe. Jioni hutoka mweupe kama aliyemwagiwa gunia la unga. Nilipomuuliza kuhusu kikohozi alinijibu kama wanavyojibu wenzake wote, kwamba ni vumbi tu na anakunywa maziwa.

Ndugu msomaji, naomba tusimame hapa kidogo. Imani kwamba maziwa husafisha kifua imeenea kila machimbo niliyofika. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Hayana njia ya kuingia kwenye mapafu na kulisafisha vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani nacho hakizuii chembe za silika. Kinachosaidia ni kumwagia mawe maji wakati wa kutoboa na kusaga ili vumbi lisipande, kuvaa barakoa maalumu za vumbi, na kutokaa upande ambao upepo unapeleka vumbi.

Mdogo wangu hakunisikiliza nilipozungumza kama mwandishi. Nilimpelekea takwimu, akacheka. Bibi ndiye aliyemaliza kazi. Alitoa kadi kwenye sanduku, akaiweka juu ya ile kofia ya mtumba, akamwambia, "Babu yako aliniachia hii na kiapo. Nimechoka na kiapo. Kesho unakwenda kupima, na mimi nakwenda nawe. Tuone kama wewe ni Jeki."

Walikwenda. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert na majibu yakatoka: kifua kikuu, cha aina inayosikia dawa za kawaida. Aliambiwa tiba ni miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza na mbili kwa minne inayofuata. Aliambiwa pia mkojo wake utabadilika rangi uwe kama wa chungwa na asiogope, maana ni dawa. Sote tunaoishi naye tulichunguzwa, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, akapewa dawa za kinga. Bibi akaandikwa kuwa msimamizi wa dawa.

Amekubali niandike haya, kwa sharti moja tu, kwamba niseme kofia ni ya kwake na haijauzwa.

Wiki ya sita ilikuwa ngumu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, hamu ya kula imerudi, na wenzake wa karasha walimpigia simu kuna kazi. Alianza kuuliza kwa nini aendelee kumeza vidonge wakati amepona. Ni wiki ile ile ambayo alama za Babu zilikatika. Bibi hakubishana naye. Alimwonyesha mahali zilipoishia, akaleta maji.

Mwezi wa tatu wa dawa, Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani akaniomba nimsindikize nyumba ya jirani. Mzee tuliyemtuhumu alishafariki. Tulipokelewa na mkewe, ambaye alitutazama muda kabla ya kutukaribisha viti. Bibi alimkabidhi kadi. Yule mama hajui kusoma, akamwita mjukuu wake, aliyesoma nami darasa la tatu. Alisoma jina la Babu, jina la ugonjwa, na tarehe. Hakuna aliyelia wala kukumbatiana. Yule mama alisema tu, "Mume wangu alikufa akijiuliza amewakosea nini." Bibi akajibu, "Hakutukosea." Tulikunywa chai, tukaondoka jioni. Sasa tunasalimiana.

Kama kwenu kuna mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku, anakonda bila sababu au ana homa za jioni, mpelekeni zahanati au kituo cha afya akapime makohozi. Mwenye virusi vya ukimwi asisubiri wiki mbili, apime akikohoa tu. Kifua kikuu na ukimwi ni magonjwa mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Vipimo na dawa katika vituo vya serikali havilipiwi. Kama mtu huyo alifanya kazi mgodini, hata kama ni miaka 30 iliyopita, mwambieni mhudumu, kwa sababu jambo hilo hubadilisha namna anavyomwangalia.

Na kama mna mzee aliyefika Kopabelti, muulizeni alichokiona. Aanze na sinema akipenda. Kisha muulizeni alifanya kazi gani, kwa muda gani, na anakohoa tangu lini.

Mdogo wangu amebakiza wiki tisa. Mjomba, yule aliyeuliza swali la Jeki mweusi, sasa ana miaka zaidi ya 60. Nilimwonyesha filamu ya Herb Jeffries kwenye simu. Aliangalia hadi mwisho bila kusema kitu, akaniomba nimrudishie mwanzo.